Nilivyompiga Picha Mke Mwenzangu Kule Shinyanga

Usishtuke msomaji wangu, sijaolewa mitala. Mke mwenza ninayemzungumzia ni bibi yake mume wangu, mwanamke wa Kishapu, mkoani Shinyanga, ambaye tangu siku ya kwanza tulipoonana alinieleza wazi kwamba mjukuu wake ni mume wake yeye kwanza, mimi nimekuja juzi tu. Ni utani wa bibi na wajukuu, upo kwa Wasukuma na kwa makabila kibao ya nchi hii. Mimi mtoto wa Tanga nikacheka, nikapiga goti, nikamwamkia. Akanishika kidevu akanitazama usoni kwa muda, kama mtu anayekagua nguo ya mtumba kabla hajatoa hela.

Hiyo ilikuwa Agosti 2023. Begani nilikuwa na kamera na kichwani nilikuwa na kazi moja niliyopewa na ukoo mzima: nimpige bibi picha ya maana, ikuzwe, itundikwe sebuleni kwa baba mkwe. Unaambiwa katika maisha yake yote bibi ana picha moja tu, ile ya kitambulisho cha taifa, na ukiiangalia utadhani amekamatwa kwa wizi wa ng'ombe. Umri wake haujui sawasawa. Anachojua ni kwamba alizaliwa kabla yule mzungu wa almasi hajafika Mwadui. Mzungu mwenyewe ni John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aliyeanzisha mgodi wake mwaka 1940. Fanya hesabu mwenyewe.

Basi bwana, nikapiga picha 214. Bibi mlangoni, bibi na kuku, bibi akimenya viazi vya kutengenezea michembe, bibi akicheka. Tulivyorudi Dar tukakaa kwenye kochi mimi na mume wangu, laptop magotini, chai pembeni. Kha! Picha ya kwanza, bibi ukungu. Ya pili, kanga imetoka safi hadi jina unalisoma, uso ukungu. Ile ya mlangoni, fremu ya mlango unaihesabia misumari. Kuna moja kuku wa nyuma katoka vizuri kuliko kuku yeyote niliyewahi kumpiga picha maishani, manyoya moja moja, na mbele yake kuna kivuli cha mwanamke anayecheka.

Mume wangu hakusema kitu. Alifunga laptop taratibu. Desemba ya mwaka huo bibi akalazwa wiki mbili, na kila simu ya nyumbani ilipoita usiku mimi nilikuwa nawaza kuku.

Mshenga ndiye aliyeniponza

Nikueleze ishu ilikuwa nini, maana najua wengi wenu mmenunua kamera hizi mpya na mnaelekea shimo lilelile.

Kamera yangu ni Sony a6400, niliinunua mtumba kwa mfanyakazi mwenzangu, bodi tupu bila lenzi. Ni kamera ya mirolesi, yaani ile isiyo na kioo ndani. Kamera za zamani, DSLR, zilikuwa na kioo kinachopeleka mwanga juu kwenye tundu la jicho na chini kwenye mashine ndogo ya kutafuta fokasi. Hizi mpya kioo hakuna, mwanga unapiga moja kwa moja kwenye sensa (siyo ile ya watu na makazi), na sensa yenyewe ndiyo inayotafuta fokasi. Ndiyo maana zinaweza kutambua jicho la mtu na kulifuata hata akigeuka.

Sasa mimi nilikuwa na lenzi ya kamera yangu ya enzi za chuo, 18-200, nikaona kwa nini nitupe hela? Nikanunua adapta ya bei poa, ile pete inayokaa kati ya lenzi na kamera, nikajiona mjanja. Adapta inahitajika kwa sababu kioo kilipoondoka, lenzi ilisogea karibu. Lenzi za Canon za DSLR zilikaa milimita 44 kutoka kwenye sensa, za Nikon 46.5. Sony E ni milimita 18 tu, Nikon Z ni 16, Canon RF ni 20. Ile nafasi lazima ijazwe na kitu.

Lakini adapta haijazi nafasi tu, inatafsiri pia. Na hapo ndipo nilipokumbuka bibi. Bibi Kiswahili chake ni cha salamu, mimi Kisukuma changu kinaishia kwenye mwangaluka na wabeja. Kila tulichoongea kilipita kwa mume wangu. Bibi anasema jambo, watu wote wanacheka, mimi natafsiriwa, nacheka peke yangu wakati wenzangu wameshanyamaza. Na yeye hivyo hivyo kwangu. Adapta ni mkalimani wa namna hiyo. Kamera inasema "jicho hilo, sogea kidogo mbele", adapta inatafsiri, lenzi inasogea, ikifika bibi ameshainamisha kichwa. Lenzi za DSLR nyingi zilitengenezwa kuruka mara moja kwa hatua kubwa hadi mahali pake, wakati kamera ya mirolesi inataka hatua ndogo ndogo za haraka bila kupumzika. Lenzi inasogea mbele, inarudi nyuma, mbele, nyuma, halafu inajikalia popote palipo na mistari inayoonekana vizuri. Kanga. Mlango. Kuku.

Nisiwaonee, wapo washenga wazuri. Ile adapta ya Canon ya kufungia lenzi zake za EF kwenye kamera za RF, au ya Nikon inayoitwa FTZ, hizo ni za ukoo mmoja na zinaelewana vizuri. Ila hata FTZ haina mota ya kuzungusha zile lenzi za zamani za AF-D, utazifungia lakini fokasi utazungusha kwa mkono. Na lenzi za Canon EF-M, za zile mirolesi zake za mwanzo, haziingii kabisa kwenye RF, wala mshenga hayupo. Usije ukauziwa.

Meseji ya benki

Kosa langu la pili halikuwa la kiufundi.

Mwanzoni mwa 2024 niliamua kununua lenzi mzawa, yaani iliyozaliwa kwa ajili ya kamera yangu, yenye otofokasi yake, bila pete wala mkalimani. Hapo nilikuwa sahihi. Lakini nilichagua kwa kuangalia ipi inaonekana ya kitaalamu zaidi, nikaangukia Sony 70-350. Lenzi nzuri sana, gramu 625, simba akiwa mbali unamvuta hadi masharubu. Shilingi milioni mbili na laki tatu. Nilitoa kwenye hela ya kiwanja cha Chanika na sikumwambia mume wangu, nikijua nitairudisha kimya kimya kwa hela za kupiga picha kicheni pati mbili tatu. Nikasahau kitu kimoja: akaunti yetu ya pamoja inatuma meseji kwenye simu zote mbili.

Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Bibi yangu utampiga picha kutoka wapi na hilo bomba, kutoka Mwanza?"

Niliumia kwa sababu nilijua yuko sahihi. Ukimpiga mtu picha kwa milimita 70 kwenye kamera yangu ni kama 105 ya fulu fremu, na ukiwa ndani ya nyumba ya bibi unagota ukutani kabla uso haujaenea. Tulinuniana siku nne. Nyie mlioko kwenye ndoa mnajua siku nne za "umeshakula?" na "nimeshakula" zilivyo ndefu. Kilichomuuma, aliniambia baadaye, ni kusikia jambo hilo kwenye meseji ya benki badala ya kulisikia mdomoni mwangu. Lenzi niliiuza kwa milioni moja na laki tisa. Laki nne zimeenda.

Siku ya tano akarudi na daftari, yeye ni mhasibu bwana. Akafungua zile picha 214 za ukungu. Kila picha ya kidijitali imebeba ndani yake maelezo ya milimita ulizotumia, na hakuna anayezisoma. Akazisoma zote na kuziandika kwenye mistari. Picha 171 zilikuwa kati ya milimita 18 na 50. Zilizozidi 150 zilikuwa tisa, na kati ya hizo sita zilikuwa za kozi mmoja aliyekaa juu ya jiwe na hatukumhitaji.

"Wewe unapenda kusimama karibu na watu," akasema. Katika ndoa yetu sidhani kama amewahi kuniambia neno tamu kuliko hilo, na alikuwa anasoma namba.

Basi tukachagua wote, usiku, simu mbili mezani. Tulijifunza kusoma herufi. Kwa Sigma, ukiona DN ni ya mirolesi. DC ni ya sensa ndogo kama ya kwangu, DG ni ya fulu fremu. Tamron wao wanaandika Di III, na Di III-A kwa sensa ndogo. Sony, E na FE zote zinaingia kwenye mdomo mmoja. Halafu kuna mtego: zipo lenzi za bei chee zinazoingia kwenye mdomo wa kamera yako bila adapta, ni wazawa wa kuzaliwa kabisa, ila hazina mota ndani. Uliza neno moja tu, "AF ipo?", na ifungwe mbele yako uione ikitafuta jicho la muuzaji.

Mwisho zilibaki mbili, Sigma 18-50 na Tamron 17-70, zote f/2.8 mwanzo hadi mwisho, maana yake zinaingiza mwanga wa kutosha hata ndani ya nyumba yenye dirisha moja. Tamron ina kituliza mtikisiko, na kamera yangu haina cha kwake. Ila ina gramu 525, Sigma ina 290. Mume wangu alitaka Tamron kwa ajili ya video. Mimi nilisema kamera nzito huwa inabaki hotelini. Nilishinda, kwa milioni moja na laki nne zilizotoka kwenye akaunti kwa meseji mbili, zote tukizisubiri. Kwa video alikuwa na haki lakini. Video zangu zinatikisika kama ziko kwenye daladala.

Agosti tena

Tulisafiri Agosti 2025. Treni ya SGR mpaka Dodoma, halafu basi: Singida, Igunga, Nzega, Tinde. Ukishapita Nzega nchi inatulia, tambarare mpaka macho yachoke, na mawe makubwa yamepandana juu ya mengine kana kwamba kuna mtoto aliitwa kula akaacha mchezo wake hapo.

Watu wa Dar wanadhani Shinyanga ni vumbi na ng'ombe basi. Vumbi lipo, na kwa mwenye kamera vumbi ni sababu ya kutosha kununua lenzi moja inayofanya kazi tatu badala ya lenzi tatu, maana ukifungua mirolesi sensa inabaki wazi kama chungu bila mfuniko. Lakini miti imerudi. Zamani misitu ilifyekwa kwa ajili ya kufukuza mbung'o na kulima pamba, mpaka eneo likakaribia kuwa jangwa. Mwaka 1986 ukaanza mpango wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliodumu hadi 2004, na walichofanya cha maana ni kuwaambia watu warudie ngitili zao, zile sehemu za malisho ambazo Wasukuma tangu zamani huzifunga wakati wa mvua ili nyasi na miti vipumue, ng'ombe waingie kiangazi. Nyuma ya mji wa bibi ipo moja. Saa kumi na moja jioni mwanga unaingia humo kwa vipande vipande.

Ndipo nilipomkalisha. Kigoda, fimbo, kanga ya bluu. Siku hizi jicho lake la kushoto lina mtoto wa jicho, na nilikuwa na wasiwasi kamera itakataa kuliona. Nikasogea hadi hatua mbili kutoka kwake, milimita 50, f/2.8. Kale kamraba kadogo kakatokea juu ya jicho la kulia, kakakaa. Bibi akageuka kumfokea mbuzi, kamraba kakaenda naye. Akarudi kunitazama, nako kakarudi. Mume wangu alikuwa ameenda kuchota maji, hakukuwa na mkalimani. Bibi akaniambia kitu kwa Kisukuma, kirefu, akacheka kabla sijaelewa, na mimi nikacheka papo hapo kwa sababu yeye anacheka. Nikabonyeza.

Hadi leo sijui alisema nini. Nilipomuuliza mume wangu amuulize, bibi alijibu kwamba hayo ni mazungumzo ya wake wenza.

Pale mjini Shinyanga tukaichapisha kwa ukubwa wa A4, tukampa kijana wa bodaboda airudishe kijijini ndani ya bahasha ngumu, sisi tukashika njia ya Geita.

Dhahabu kwa sentimita 12

Kutoka Kahama tulipita Kakola, ulipo mgodi wa Bulyanhulu, na siku hiyo vumbi lilitufuata kama deni. Geita ilikuwa wilaya ya Mwanza hadi ilipopewa mkoa wake mwaka 2012, na huwezi kukaa hapo dakika kumi bila kusikia neno dhahabu. Kuna mgodi mkubwa, GGM, unaozalisha tangu mwaka 2000, una uzio wake na ulinzi wake, sahau kamera. Sisi tulienda upande wa Nyarugusu kwa wachimbaji wadogo, ambako shemeji yangu ana hisa kwenye duara moja na wenzake.

Kabla ya kutoa kamera kwenye begi shemeji alinipeleka kwa mwenye duara kuomba ruhusa. Fanya hivyo, tafadhali. Mzee mmoja hakutaka, akasema kwa upole, "Dada, hiyo kitu iangalie upande mwingine," na ikaangalia upande mwingine. Chini ya duara sikuteremka, nina mama anayenitegemea.

Nilichokiona ni hiki. Mawe yanapandishwa kwa viroba, yanapelekwa karasha kusagwa hadi yawe kama unga wa sembe, halafu mwaloni unga unamwagiwa maji juu ya ubao ulioinama, dhahabu kwa uzito wake inabaki nyuma. Kisha inakamatwa kwa zebaki na zebaki inachomwa. Moshi wake ni sumu, na shemeji alinivuta mkono tukakaa upande upepo unakotokea, ingawa vijana wenyewe walikuwa wamesimama palepale bila hata kitambaa puani. Picha hiyo nimeipiga na siipendi.

Ndani ya banda la karasha kulikuwa na giza na vumbi jeupe hewani. Kamera ilinasa nyuso, ikakosa mara chache pale vumbi lilipozidi. Waliokuwa mbali kwenye mdomo wa shimo la pili sikuwafikia, milimita 50 ina mwisho wake, na kwa nusu saa nzima nililikumbuka lile bomba langu la milioni mbili. Ukiwa na safari ya Rubondo, kile kisiwa cha hifadhi cha mkoa huu chenye sokwe na ndege wa kila aina, azima lenzi ndefu kwa mtu. Azima, usinunue.

Jioni shemeji akafungua kiganja. Katikati kulikuwa na kitone cha njano, punje ya mtama ni kubwa zaidi, kazi ya watu sita kwa siku tatu. Kesho yake kingepelekwa soko la madini pale Geita mjini, lililofunguliwa 2019. Lenzi hii ukiiweka kwenye milimita 18 inasogea mpaka sentimita 12, kwa hiyo nikainamia kile kiganja mpaka kivuli changu kikaleta shida. Mistari ya mkono, vumbi kwenye mistari, na kitone. Shemeji akaiangalia kwenye kioo akanyamaza, halafu akaniomba nimpige na nyingine, ya uso, akanawa kwanza. Kuna binti wa Katoro anataka kumtumia. Nilimpiga kumi na mbili. Bado hajaniambia kama alijibiwa.

Tukarudi kwa kupitia Sengerema. Pale Busisi zamani ulikuwa unasubiri pantoni mpaka unajuana na wauza samaki kwa majina. Sasa kuna daraja la Kigongo-Busisi, kilomita tatu, lililofunguliwa Juni 2025. Tulikuwa juu ya maji bado, ziwa linawaka kila upande, simu ya mume wangu ikaita. Ilikuwa ya nyumbani. Niliona mkono wake ulivyosita kabla ya kupokea.

Alikuwa bibi mwenyewe. Picha imefika. Ameiona, ameishika, ameionyesha majirani. Lakini ana malalamiko: kwa nini mke mwenzake hakumwambia avae kile kilemba cha kanisani? Hiyo iliyotundikwa ishushwe. Turudi.

Mume wangu akanitazama. Nikamuuliza hela ya kiwanja imebaki ngapi.